Krismasi nyumbani Moshi: kipi kibaki, kipi kipungue, ili kuzaliwa kwa Yesu kusimezwe na pilau?

MamaWawili_Kibosho

Bwana Yesu asifiwe wanajukwaa. Wakubwa shikamooni.

Naomba mawazo ya walimu wa Shule ya Jumapili, wainjilisti na wazazi wa Moshi na Arusha. Desemba nyumba zinajaa ndugu kutoka Dar, Mwanza na hata Nairobi, na hilo ni jambo jema. Lakini ukimuuliza mtoto Krismasi ni nini, anakutajia nguo mpya, soda, pilau na yule mzee wa ndevu nyeupe wa madukani. Ibada ya saa 3 asubuhi inawapita nusu ya wanawake kwa sababu wako jikoni. Jioni ya 25 watu wamelewa, na jina la Yesu limetajwa mara moja tu, kwenye kuombea chakula.

Sitaki kuua furaha ya sikukuu. Nataka kujua tunaweza kufanya nini nyumbani kwa vitu vya hapa hapa, bila gharama kubwa. Pia kuna ndugu wanasema mti wa Krismasi ni upagani, wanatoa Yeremia 10. Wawekwe sawa au ndio wako sawa? Na huyo Santa, mtoto wa miaka sita aambiwe nini?

---

Mwl_ShuleYaJumapili

Dada, marahaba, na pole na majukumu. Nitaanza na Adventi, yaani majuma ya kusubiri kabla ya Krismasi, maana hapo ndipo mambo yanapoharibikia. Krismasi ya wengi wetu inaanza tarehe 23 kwa purukushani za masoko ya Mbuyuni na Kiborloni. Mtoto hajaandaliwa kusubiri chochote isipokuwa nguo, sasa atataja nini kingine? Mpe wiki nne za kusubiri, halafu uone.

Adventi huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na 30 Novemba, yaani kati ya 27 Novemba na 3 Desemba. Ikianza mapema ina siku 28, ikichelewa ina siku 22 tu, na wiki ya nne inaweza kuwa siku moja. Angalia kalenda kabla hujanunua mishumaa.

Shada la Adventi halihitaji duka kubwa. Chukua sinia la bati lenye upana wa sm 35 hadi 40. Weka mchanga uliolowa kidogo, kina sm 5. Chomeka mishumaa minne ya kawaida ya sm 20, kila mmoja uzame sm 4, na kati ya mmoja na mwingine iwe angalau sm 12. Pembeni chomeka vitawi vya msaipresi vya urefu wa sm 15 hivi, vielekee nje, visielekee kwenye moto. Rangi ya Adventi ni zambarau. Wakatoliki huweka mmoja wa waridi kwa Jumapili ya tatu. Mishumaa ya zambarau ikikosekana, funga utepe wa rangi hiyo chini kabisa ya mshumaa mweupe. Ukifunga katikati, moto utaufikia kabla ya Krismasi. Mshumaa wa tano, mweupe usio na utepe, unakaa katikati na hauwashwi mpaka usiku wa 24.

Yanayoharibika ni haya. Mchanga ukikauka mishumaa inalala, kwa hiyo nyunyiza maji kila siku mbili. Msaipresi baada ya wiki unakauka na kushika moto upesi. Badilisha vitawi kila Jumapili kabla ya kuwasha mshumaa mpya. Sinia la plastiki usithubutu. Na shada lisikae chini ya pazia.

Muda ni dakika 10 kila jioni, kabla ya chakula, simu zikiwa chumbani. Kwa Adventi ya siku 28, mshumaa wa kwanza utawaka jumla ya dakika 280, yaani saa nne na dakika 40. Mshumaa mwembamba wa bei ya chini unaweza kuisha njiani, basi weka mmoja wa akiba. Wanaowasha saa nzima kila siku ndio hao wiki ya tatu wanabaki na kisiki.

Masomo: wiki ya kwanza Isaya 9:2-7, ya pili Isaya 40:1-5, ya tatu Luka 1:26-38, ya nne Luka 1:46-55. Somo ni hilo hilo wiki nzima, na msomaji abadilike kila siku. Ikifika Alhamisi hata asiyejua kusoma analisema kwa kichwa. Usiku wa 24 soma Luka 2:1-20 yote, bila kuruka sensa ya Kaisari Augusto, maana sensa ndiyo iliyowafikisha Yusufu na Mariamu Bethlehemu.

Aliyeanzisha shada hili ni mchungaji Mlutheri, Johann Hinrich Wichern, Hamburg, mwaka 1839. Alikuwa akilea watoto maskini ambao kila siku walimuuliza Krismasi lini. Akachukua gurudumu la mkokoteni, akaweka mishumaa midogo ya siku za kawaida na minne mikubwa ya Jumapili. Kwa hiyo tangu mwanzo ni kifaa cha kumfundisha mtoto kusubiri.

Kitu kingine ambacho watoto wa mlimani wanakipata haraka kuliko wa mjini ni hori. Watu wananunua picha za zizi la Ulaya lenye paa la theluji, wakati hori halisi liko nyuma ya nyumba ya bibi. Mpeleke mtoto kwa ng'ombe wa ndani. Aone mbao zilivyolainika kwa ulimi wa ng'ombe, vipande vya mgomba vilivyobaki kwenye kona, chumvichumvi iliyoganda pembeni. Mwambie aguse. Kisha msome Luka 2:7 hapo hapo mkiwa mmesimama. Nyumba za asili za Wachagga zilikuwa na watu upande mmoja na mifugo upande wa pili, paa moja. Mzee yeyote wa kijijini atamweleza mtoto jinsi hori linavyokuwa hatua chache tu kutoka kitandani.

Mkitaka kutengeneza pango nyumbani, yaani mfano wa mahali alipozaliwa Yesu, udongo wa mfinyanzi na majani makavu ya mgomba vinatosha. Hori liachwe tupu hadi usiku wa 24. Mamajusi waanzie dirishani na wasogezwe kidogo kidogo. Desturi ya kuonyesha pango tunaihusisha na Fransisko wa Asizi, aliyeiandaa Greccio, Italia, mwaka 1223, akitumia ng'ombe na punda hai. Luka mwenyewe hataji ng'ombe wala punda. Wanyama hao watu waliwatoa Isaya 1:3. Waelezeni watoto tofauti hiyo mapema, wasije wakaona kama walidanganywa.

---

Mwinjilisti_UsaRiver

Mwalimu amemaliza ya Adventi. Mimi nichukue mti, tarehe na Santa.

Yeremia 10, tusome mistari yote mitatu, wa 3 hadi wa 5, tusiishie "mti huukata mtu mwituni". Mti ule unachongwa na fundi kwa shoka, unapambwa kwa fedha na dhahabu, unakazwa kwa misumari usitikisike, kisha nabii anasema hauwezi kunena wala kutembea, hivyo watu wasiuogope. Hiyo ni sanamu ya kuabudiwa. Sijaona nyumba Arusha ambako watu wanauogopa msaipresi wa sebuleni. Desturi ya kupamba mti ilianzia kwa Wajerumani, ina kumbukumbu za karne ya 16 na ya 17, na Waingereza wengi waliiiga baada ya gazeti moja la London kuchapisha picha ya mti wa Malkia Victoria na mumewe Albert mwaka 1848. Ni pambo. Asiyelitaka asiwe nalo, wala hapungukiwi kitu mbele za Mungu.

Tarehe 25 Desemba haimo kwenye Biblia. Kumbukumbu ya zamani kabisa tuliyonayo ni orodha ya Roma iliyokusanywa mwaka 354, na sehemu yake hiyo huhesabiwa kuwa ya 336. Wapo wanaosema Kanisa lilichukua sikukuu ya Jua ambayo huhusishwa na Kaisari Aurelian, aliyejenga hekalu la Jua mwaka 274. Wapo wanaosema ilitokana na hesabu: Wakristo wa kale waliamini Yesu alitungwa mimba 25 Machi, ukiongeza miezi tisa unafika 25 Desemba. Wataalamu bado wanabishana. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba tunaadhimisha tukio, na tukio limo katika Luka na Mathayo. Ndugu zetu wa Ethiopia wanaadhimisha 7 Januari na mtoto ni yule yule.

Santa: usimdanganye mtoto, kwa sababu ukimwambia Santa ni kweli na Yesu ni kweli, siku akigundua la kwanza atakuuliza la pili. Mwambie alikuwepo Nikolao, askofu wa Myra, pwani ya Uturuki ya leo, karne ya nne, na Kanisa humkumbuka 6 Desemba. Simulizi ya kale inasema aliwasaidia kwa siri mabinti watatu maskini wapate mahari. Joho jekundu na tumbo kubwa vilikuja baadaye sana Marekani, kwa wachoraji kama Thomas Nast karne ya 19, kisha matangazo ya Coca-Cola yaliyochorwa na Haddon Sundblom kuanzia 1931 yakavieneza duniani. Mtoto wa miaka sita anaelewa hilo vizuri. Tena 6 Desemba ifanyeni siku ya kutoa: kila mtoto achague nguo moja nzuri, siyo iliyochanika, apeleke kwa jirani bila kujitangaza.

Kwa watakaoweka mti: nunua kwa mwenye shamba, usikate hifadhini. Kata tena sm 2 za chini siku ya kuuweka ndani, kwa sababu utomvu ulioganda unaziba njia ya maji. Simamisha kwenye ndoo ya mchanga uliolowa, maji kila siku. Mishumaa kwenye mti hapana kabisa. Taa ziwe zile zisizopata moto, na zizimwe mkienda kulala.

---

Msomaji_Biblia

Mimi ni wa upande usioadhimisha, naomba nisikilizwe kwa heshima kama ninavyowasikiliza.

Mwinjilisti amekiri tarehe haimo. Naongeza kwamba mitume hawakuamriwa kuadhimisha kuzaliwa. Walichoamriwa ni meza ya Bwana, kukumbuka kifo chake. Wala sisi si wa kwanza kuliona hili. Bunge la Uingereza lilifuta sikukuu hii mwaka 1647, na Wapuritani wa Massachusetts walikuwa na sheria ya kuipiga marufuku kuanzia 1659 hadi 1681, faini shilingi tano. Walikuwa Wakristo wenye kuijua Biblia. Na sababu waliyoitaja, ulevi na michezo, dada ameiandika mwenyewe hapo juu.

Ombi langu kwa wenye nyumba: ndugu asiyeadhimisha akija kwenye kikao cha ukoo, msimlazimishe kukata keki wala kuvaa sare ya familia. Mpeni kazi nyingine. Atakuja, atakula, atakaa na wazazi.

---

Mwinjilisti_UsaRiver

Ndugu, umesema kwa upole na nakushukuru. Warumi 14:5-6 inatuhusu sote wawili: anayeiadhimisha siku aiadhimishe kwa Bwana. Hoja ya ulevi naikubali yote. Ila kwangu dawa yake ni kuirudisha ibada mahali pake, siku yenyewe nisiifute.

---

JikoLaShangazi

Nyote mmeandika vizuri, lakini hakuna aliyegusa jiko, na dada amesema wazi kwamba wanawake hawafiki kanisani. Injili ya Krismasi inaanza na mwanamke aliyesema ndiyo. Haifai kusomwa kanisani huku wanawake wa nyumba wakikuna nazi.

Gaweni watu makundi mawili. Kundi la kwanza liende mkesha wa 24, na hao ndio wanaobaki na moto asubuhi ya 25. Kundi la pili liende ibada ya saa 3. Wanaume na vijana wawemo makundi yote mawili.

Pilau ya watu 20: mchele kilo 3, nyama kilo 3, vitunguu maji kilo 1, vitunguu saumu vichwa 3, tangawizi gramu 100, mafuta mililita 400, binzari nyembamba vijiko 4 vya chakula, na pilipili manga, mdalasini, iliki na karafuu kwa kiasi. Sufuria isipungue lita 15.

Tarehe 24 mchana: chemsha nyama kwa chumvi, tangawizi na saumu mpaka iive, uihifadhi na supu yake. Kama hakuna friji, ichemke tena usiku kabla ya kulala na tena alfajiri, itokote kweli kweli, siyo kupashwa tu. Saga viungo, chambua mchele, lakini usiuloweke. Mchele uliolala majini unakatika na pilau inakuwa bokoboko. Wali nao usipikwe 24 ukaachwa mezani hadi kesho, tumbo la wageni wote litaharibika.

Tarehe 25 ibada ikiisha saa 5: loweka mchele nusu saa. Wakati huo kaanga vitunguu, kwa kilo nzima ni dakika 15 hadi 20, viwe kahawia bila kuungua, maana hapo ndipo rangi ya pilau inapotoka. Tia viungo, nyama, mchele uliochujwa, geuza dakika 3. Supu ni kikombe 1 na nusu kwa kikombe 1 cha mchele uliolowekwa. Ikipungua ongeza maji ya moto, kamwe siyo ya baridi. Supu ikikaribia kukauka punguza moto, funika, palia makaa juu dakika 20. Saa 7 mnakula, na hakuna mwanamke aliyekosa neno.

Kosa kubwa ni kutaka vyakula saba. Pilau, mtori, kachumbari na matunda vinatosha. Kila chakula cha ziada ni mtu mmoja anayekosa ibada.

---

Mzee_wa_Marangu

Vijana, mmeongea mti na Santa. Huku mlimani, jambo zito la Desemba liko kihambani, kwenye shamba la ukoo: mbuzi, mbege (pombe ya ndizi) na wazee waliozikwa pale.

Mbuzi wa sikukuu ni halali na ni furaha. Mbuzi wa kilo 30 akiwa hai anatoa nyama na mifupa kilo 13 hadi 15. Achinjwe tarehe 24 asubuhi, ili kazi yote ya kuchuna, kupika kisusio (supu ya damu) na kugawa sehemu iishe kabla ya mkesha. Mkichinja 25 asubuhi, wanaume wote wanakosa ibada. Kugawa sehemu kwa mpangilio wa ukoo ni heshima kwa wakubwa, endeleeni nayo. Lakini pale mtu anapotenga kipande au kumwaga mbege na kusema na marehemu awape baraka, Mkristo asimame hapo. Baraka inaombwa kwa Kristo. Mwenye nyumba aseme mapema, kwenye kikao cha kupanga, kwa unyenyekevu na bila kumdhalilisha mzee mbele ya wajukuu. Makaburi safisheni, pandeni maua, msimame mshukuru Mungu kwa maisha ya waliotangulia. Hilo halina ubaya.

Mbege itoke baada ya chakula, ipimwe, na anayepika aulizwe mapema ni kiasi gani. Pipa likiwa wazi tangu asubuhi, hata mahubiri mazuri hayafiki jioni.

Kuna mila moja ambayo ningependa iwekwe katikati ya Krismasi: isale, jani la kuombea msamaha. Ndugu wengi wanafika Desemba wakiwa hawasalimiani kwa sababu ya mpaka wa shamba au maneno ya msibani. Kwa desturi yetu anayeomba msamaha hutuma jani la isale kupitia mtu anayeheshimika, na kulikataa ni jambo zito. Mathayo 5:23-24 inasema uiache sadaka madhabahuni, upatane kwanza na ndugu yako. Basi fanyeni hivyo kati ya tarehe 20 na 23, siyo 25 watu wakiwa wamekunywa. Mpatanishi mmoja, wahusika wawili, bila watazamaji, deni au mpaka utajwe kwa jina, na kinachorudishwa kiandikwe. Isale lisilofuatana na kurudisha kilichochukuliwa linaamsha ugomvi upya ifikapo Pasaka.

Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Old Moshi hadi 1938, alitaka usharika ujengwe juu ya ukoo, ujirani na rika. Katika hili la upatanisho naona alituonyesha njia.

---

MamaWawili_Kibosho

Shikamoo mzee, na asanteni sana wote. Isale sikuwa nimelifikiria kabisa kwenye mambo ya Krismasi, nitalipeleka kwa baba mkwe.

Mawili yamebaki. Baada ya 25 tunafanya nini, maana tarehe 26 watu wanalala tu? Na nguo mpya za watoto, ziachwe?

---

Mwl_ShuleYaJumapili

Nguo zisiachwe, mtoto kupendeza siku ya Bwana ni jambo zuri. Zinunueni kabla ya katikati ya Novemba, bei za wiki ya mwisho zinapanda. Kabla ya hapo tengeni kwanza pesa za shule za Januari kwenye bahasha yake, kwa sababu wengi huanza mwaka na madeni ya sikukuu. Nguo ivaliwe mara ya kwanza kwenda ibadani, na akiivaa aombewe.

Krismasi haiishi 25. Tarehe 26 ni ya Stefano, shahidi wa kwanza; someni Matendo 7:54-60, halafu pelekeni chakula kwa mgonjwa au mjane wa jirani. Kipakuliwe kabla wageni hawajala, siyo makombo. Tarehe 28 hukumbukwa watoto wa Bethlehemu waliouawa na Herode, Mathayo 2:16-18. Kwa wadogo sana fupisheni, lakini msiiruke. Wajue Yesu naye alikuwa mkimbizi Misri. Tarehe 6 Januari Mamajusi wafike kwenye pango. Mathayo 2:11 inasema waliingia nyumbani, na hakutaja walikuwa wangapi, kwa hiyo wachongeni wawili, watatu au watano, mnavyotaka.

Wageni wa Dar wakiondoka kabla ya hapo, wape watoto wao Majusi mmoja waondoke naye, wamfikishe huko kwao tarehe 6. Shada na mti viondolewe siku hiyo hiyo. Toeni waya na tepe zote kwanza ndipo mtupe matawi, maana waya ukibaki kwenye majani na ukaingia kwenye hori, ng'ombe ataumeza.